Yasini ya Babu Isikatike Tena

Sumberjati, 20 Juni 2007

Kwako Mjomba Tukiran,

Kabla hata ya salamu, naomba nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine, si Mama, si Bibi, wala rafiki yangu Umi. Nimekubali kutengeneza kitabu cha Yasini cha hitima ya siku ya elfu tangu Babu afariki, na sijui kukitengeneza.

Sasa salamu. Asalaam alaikum. Sisi hatujambo. Goti la Bibi bado linamsumbua akiinama kupandikiza mpunga, lakini hakubali kukaa. Anasema goti moja likizoea kupumzika litamharibu na mwenzake. Mama ameanza tena kuuza tempe zake za soya sokoni. Mimi nimemaliza shule na cheti kimetoka. Alama zangu ni za kawaida tu, isipokuwa za kompyuta. Tangu mwanzo wa mwezi huu nafanya kazi kwenye duka la fotokopi la Bwana Wignyo, lile linalotazamana na ofisi ya kata. Natoa kopi, nabana pini, nafagia.

Ilikuwa hivi. Herman, aliyekuwa akichapa pale dukani vitabu vya Yasini vya hitima, vile vyenye picha ya marehemu, amekwenda Batam kutafuta kazi ya kiwandani. Hajamaliza wiki, Bibi akaingia dukani ameshika picha ya Babu, ile ya kofia nyeusi, ameifunga kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Bwana Wignyo akamwambia fundi hayupo. Bibi akaketi juu ya boksi la karatasi.

"Basi namsubiri," akasema.

"Yuko Batam, Bibi."

"Kwani Batam hakuna meli ya kurudi?"

Bwana Wignyo akanigeukia mbele ya wateja wote. "Wening, si ulisoma kompyuta wewe? Utaweza?"

Unanijua, Mjomba. Kusema sitaweza kungehitaji maneno, na watu walikuwa wengi. Kuitikia kwa kichwa kulihitaji shingo tu. Nikaitikia. Bibi alikuwa anafungua kitambaa, hakuniona. Nyumbani wote wanaamini Bwana Wignyo mwenyewe ndiye anayekitengeneza.

Alipokuwa anatoka, Bibi alisema neno moja: "Isikatike tena."

Mjomba, sivitaji vile vitabu vya siku ya mia kwa ubaya. Najua ulivigharamia wewe, ukavibeba mwenyewe kutoka mjini. Nilikuwa jikoni usiku ule. Nilisikia wanaume wakisoma kwa sauti moja, kisha zikawa sauti mbili. Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa umefuatwa na wa kumi na nne. Wengine walifuata kitabu, wengine wakafuata kumbukumbu, halafu wote wakanyamaza. Bibi aliweka mwiko chini akawa anatazama moto. Asubuhi tulipokuletea chai ulikuwa umeshaondoka, na hujarudi mpaka leo.

Hitima ni Alhamisi jioni, tarehe ishirini na tatu Agosti. Wewe uliwahi kuwa karani wa kuchapa. Kurasa za kitabu cha kukunja zinapangwaje? Na je, utakuja?

Mpwa wako,
Wening


Kambi ya Tatu, Kotawaringin, 6 Julai 2007

Mpwa wangu Wening,

Wa alaikum salaam. Barua yako imekuja juu ya lori la mbolea na inanuka kama mbolea, ila imenifurahisha. Mimi mzima. Mvua zimepungua na michikichi inazaa kuliko mikono tuliyonayo. Mwenzangu wa chumbani, Darsono, bado anakoroma kama pampu ya maji iliyovuta hewa. Mwambie mama yako kwamba tempe ya huku ina ladha ya kadibodi, nazikumbuka zake. Hongera kwa cheti. Ipongeze na hiyo shingo yako, kwa kuwa imekupatia kazi.

Haya, sikiliza. Kwanza izime kompyuta. Chukua karatasi nne tupu, zikunje pamoja katikati kama kijitabu. Shika kalamu ya risasi, uandike namba ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayesoma. Ukimaliza, zifumue uzitandaze mezani. Utaona ukurasa wa kwanza umelala ubavuni mwa ukurasa wa mwisho, na nyuma yake umelala wa pili pamoja na ule unaotangulia wa mwisho. Usishangae. Ndivyo mashine inavyotakiwa kuchapa ili ukikunja kila mmoja arudi kwao.

Jumla ya kurasa igawanyike kwa nne. Zikipungua, zijaze kwa dua. Ukingo wa katikati uache mpana, maana pini hula maneno. Karatasi isiwe nyembamba, wazee wana vidole vizito.

Nadhani nimejibu maswali yako yote. Msalimie Bibi yako. Mwambie nakula vizuri.

Mjomba wako,
Tukiran


Sumberjati, 22 Julai 2007

Kwako Mjomba,

Asalaam alaikum. Tunaendelea vizuri. Bibi alikaa kitako siku nzima ya Jumatano kwa sababu ya goti, na tulipomuuliza akasema anachagua maharage. Hakukuwa na maharage. Umi amechumbiwa na fundi wa pikipiki wa Grabag, na sasa ananuka petroli hata yeye.

Maswali yangu yalikuwa mawili, Mjomba. Lakini si neno.

Barua yako ilipofika nilikuwa nimeshaumia sana, kwa hiyo nikueleze yote. Kwanza ni namba. Picha ya Babu, jina lake na majina ya familia vinachukua kurasa nne za mwanzo, na kurasa hizo kwa desturi hazina namba. Yasini ndiyo inayoanza na moja. Kompyuta ikang'ang'ania kuiita tano. Nikifuta namba chini ya picha, zinafutika kitabu kizima. Nikiilazimisha Yasini iwe moja, Babu naye anapata namba usoni. Zimefungwa mkia kwa mkia kama nyati wa kulimia, ukimvuta mmoja wote wanakuja.

Mwishowe niligundua kwamba kitabu lazima kikatwe sehemu mbili, kisha sehemu ya pili iambiwe isiifuate ya kwanza. Kuna kitufe kidogo cha kuziunganisha, na unatakiwa kukizima. Nilipokizima na Yasini ikageuka kuwa moja bila Babu kuguswa, nilisahau niko wapi, nikasema kwa sauti, "Achaneni." Mteja aliyekuwa anatoa kopi ya cheti cha ndoa akageuka kunitazama. Mkewe naye akageuka. Nilikwenda kufagia nyuma ya duka.

Pili ni picha. Babu akisogea kidogo tu, Yasini nzima inasogea, na aya zinadondokea ukurasa unaofuata. Nilimpa ukurasa wake peke yake, nikamfungia humo. Bwana Wignyo alipoona alicheka. "Mzee alikuwa hivyo hivyo hata alipokuwa hai. Akiamka yeye, nyumba nzima imeamka."

Tatu ndiyo iliyokaribia kunishinda. Nilikunja karatasi zako kama ulivyosema, ila ulisahau jambo moja. Zako zilifunguka kama daftari la shule, na Yasini inafunguka upande wa pili, kama msahafu. Kompyuta nayo ilisahau hivyo hivyo. Nakala yangu ya kwanza ilianzia nyuma, kama mtu aliyevaa shati mgongo mbele. Basi niligeuza karatasi zako, nikaandika namba upya kuanzia kulia, nikazitandaza, nikapanga kila ukurasa mahali pake kwa mkono bila kuitegemea mashine. Kilipokunjwa kikafunguka sawa. Karatasi zako nimezibandika ukutani juu ya meza.

Sasa jambo ambalo limeninyima raha. Nilimpa Maalim Mahfud nakala akague. Aliketi palepale dukani, akasoma yote, midomo inatembea, kidole analamba, ukurasa anageuza. Akafunga akasema, "Safi kabisa, mwanangu. Chapa."

Alipoondoka nikaona nimempa nakala mbovu, ile niliyochanganya karatasi. Kurasa zilikuwa zinaruka mahali pawili, na yeye alipita juu yake kama hakuna shimo.

Mjomba, nilikaa chini. Maalim hakuwa mzembe. Anaijua Yasini kwa moyo, kwa hiyo moyo ndio uliokuwa unasoma na mkono ulikuwa unageuza tu. Anayeijua hawezi kuona kwamba karatasi imekosea. Vile vitabu vya siku ya mia mlivikagua wewe na Maalim, na nyote mnaijua. Sisemi zaidi ya hapo.

Ila sasa sina wa kukagua. Kijiji kizima kinaijua, na mimi pia.

Utakuja?

Wening


Kambi ya Tatu, 5 Agosti 2007

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Huku moshi wa mashamba yanayochomwa umeanza na tunakohoa kwa zamu. Kuhusu msahafu kufunguka kulia umenikamata. Karani wa zamani anastahili kuchapwa fimbo.

Pale pa Maalim nimeparudia mara nyingi mpaka Darsono akaniuliza kama ni barua ya posa. Nami nilikilamba kidole nilipovikagua vile vya siku ya mia, Wening. Niligeuza mpaka mwisho.

Tafuta mtu asiyeijua. Sijui utampata wapi Sumberjati.

Haya ni mavuno na msimamizi hatoi ruhusa kirahisi. Sijamwomba.

Tukiran


Sumberjati, 10 Agosti 2007

Kwako Mjomba,

Asalaam alaikum. Jibu lako bado halijafika, lakini kaka yake Umi anapanda meli Semarang kesho kwenda upande wenu, kwa hiyo naandika haraka. Wote wazima. Bibi ameshaanza kugombana na watu kuhusu unga wa mikate ya apem.

Mjomba, kimekamilika.

Bibi alinituma kwenye sanduku lake nikachukue kitambaa cha Babu ili kava lifanane nacho rangi. Chini ya kitambaa kulikuwa na kitabu cha Babu cha madrasa, kile cha karatasi za manjano. Nikakifungua tu kwa kumkumbuka Babu. Chini ya kila ukurasa, pembeni, pana neno moja dogo limesimama peke yake. Nilidhani ni kosa. Kisha nikaona ndilo neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Watu wa zamani walifanya kila ukurasa umshike mkono mwenzake, ili wasipotee.

Nilirudi dukani nikaandika maneno hayo chini ya kurasa zetu zote. Halafu nikaenda mlango wa pili kwa Bi Lien, yule anayeuza tambi. Nilisimama pale mpaka akauliza kama nataka pilipili.

"Bi Lien, unaijua Yasini?"

"Mimi ninayekwenda kanisani kila Jumapili? Siijui hata harufu yake."

"Basi nakuhitaji wewe."

Alicheka mpaka akafunika sufuria. Lakini alikuja, akafuta mikono, akavaa miwani. Nilimwonyesha: tazama neno la chini hapa, tazama neno la kwanza pale, yafanane umbo. Hakuwa na moyo wa kumrukisha, alikuwa na macho tu. Alikwenda polepole kama anayechambua mchele.

"Hili hapa lina mkia umening'inia kama tambi, na nukta mbili chini," akasema. "Lile pale mkia upo, nukta ipo moja tu. Hawa si ndugu."

"Wanafanana, Bi Lien."

"Mtoto, mimi nimeuza tambi miaka thelathini, mkia naujua. Hawa si ndugu."

Nikatazama. Kurasa mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Mimi nilikuwa nimezisoma mara nyingi nikiona ziko sawa.

Nilizirekebisha, akaangalia tena kuanzia mwanzo, na safari hii alifika mwisho bila kunyanyua kidole. Bwana Wignyo akawasha mashine. Mimi nikawa nakunja na kubana pini.

Nakutumia vitabu kumi na viwili. Jina lako liko mbele ya majina ya wadogo zako, mahali pake. Kama huji, basi soma huko, jioni hiyohiyo.

Wening


Kambi ya Tatu, 25 Agosti 2007

Mpwa wangu Wening,

Wa alaikum salaam wa rahmatullah. Mimi mzima kuliko nilivyokuwa muda mrefu.

Kaka yake Umi alifika Alhamisi mchana, kifurushi kimelowa pembe moja, vitabu vikavu isipokuwa kimoja kilicholowa kava. Nilikusudia kusoma peke yangu kitandani. Darsono akakiona kimoja, akaona picha ya Babu yako. "Huyu ni baba yako?" Nikasema ndiye. "Na leo ni siku ya elfu, na wewe unataka kusoma umejifungia kama mwizi wa embe?" Akatoka nje akaita watu. Walikuja wa kwetu, wakaja wa Madura, wakaja wa Lombok. Tulitandika mikeka mbele ya jiko la kambi, kitabu kimoja vichwa vitatu. Wakanisukuma niongoze.

Tulipokaribia mwisho wa ukurasa wa kumi na moja nilifumba macho, Wening. Nilijua mimi nitaendelea, maana naijua. Nilikuwa nawasikiliza wao. Nikasikia kurasa zinageuka, zote kwa mara moja, kama upepo umepita juu ya makuti. Sauti haikupungua. Ilikuja ya ukurasa wa kumi na mbili vilevile ilivyotoka ya kumi na moja, na ikaenda hivyo mpaka amina.

Vitabu sikurudishiwa hata kimoja. Waliovishika wameondoka navyo, mimi nimebaki na kile kilicholowa kava.

Jana asubuhi nilikwenda kwa msimamizi. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, akasema, "Umekaa huku muda wote huo hujaomba hata siku moja, nilidhani huna kwenu." Nitakuwa nyumbani kwa Idi.

Mwambie Bibi yako mpunga wa msimu ujao asiinamie. Mwanawe ana magoti mawili mazima.

Mjomba wako,
Tukiran


Sumberjati, 9 Septemba 2007

Kwako Mjomba,

Asalaam alaikum. Ramadhani imekaribia na Mama ameshapaka chokaa ukuta wa mbele. Niliposoma barua yako kwa sauti, Mama alilia. Bibi aliinuka. Alichukua ufagio akaenda kufagia uwanja, ambao ulikuwa umefagiwa, na alikaa huko mpaka adhana ya magharibi.

Kwetu nako kulikuwa hivyohivyo. Nilikuwa jikoni nakoroga mchuzi, Bi Lien ananikatia vitunguu. Walipofika ukurasa wa kumi na moja mkono wangu ulisimama wenyewe. Bibi naye alisimama na sahani. Halafu tukasikia kurasa. Sijui nikuelezeje, lakini wewe umesikia yako, kwa hiyo unajua. Sauti ikaendelea moja. Bibi akatua sahani, akavuta pumzi, akaniambia, "Koroga, mchuzi unashika chini."

Kumbe alikuwa anajua. Baada ya dua Maalim Mahfud aliuliza nani ametengeneza kitabu hiki chenye maneno ya chini kama vya wazee, na Bwana Wignyo akaelekeza kidole jikoni. Nilijificha nyuma ya Bi Lien, ambaye ni mwembamba, kwa hiyo wote waliniona. Mama alishangaa. Bibi hakushangaa hata kidogo. Akasema, "Niliiona shingo yake siku ile. Mtoto akiitikia kwa woga vile, atafanya kazi."

Sasa nimepewa meza ya Herman. Watu wanakuja mpaka kutoka Grabag. Wakiniuliza kama nitaweza, nasema naweza, kwa mdomo. Bi Lien anakagua kila kitabu, na kasha lake la miwani linakaa kwenye droo yangu.

Lakini nimeandika barua hii kwa sababu ya jambo la Ijumaa. Bibi alikuja dukani peke yake, ameshika kitambaa kilekile. Akasubiri wateja watoke, akafungua. Ilikuwa picha yake mwenyewe, akiwa kijana, kwenye maonyesho ya kiwanda cha sukari. Amegeuza kichwa, anacheka, meno yote nje.

"Hii itunze humo kwenye mashine yako," akasema.

"Ya nini, Bibi?"

"Ya kitabu changu."

"Bibi, wewe mzima."

"Ndiyo maana nachagua mwenyewe. Nikiondoka, mama yako ataweka ile ya kitambulisho, niliyotoka kama mwizi wa kuku."

Alikuwa ameshafikiria kila kitu. Kava lisiwe la kijani, kila mtu ana la kijani. Liwe jekundu. Namba zianze pale zilipoanzia za Babu. Tukiran aandikwe wa kwanza. Na kabla ya kuchapa, apelekewe yule wa tambi. Nilimwambia huenda Bi Lien atakuwa ameshazeeka. Akasema, "Basi jitahidi usimfundishe kusoma."

Nilifungua faili, Mjomba, palepale mbele yake. Niliweka picha na kuifungia kwenye ukurasa wake ili isisogee. Nilikata sehemu mbili, nikazitenganisha, Yasini ikaanza na moja. Alitazama, kisha akaniuliza mbona mahali pa tarehe ya kufariki ni patupu. Nikasema nimepaacha hivyo kwa makusudi. Akacheka kama kwenye picha.

Faili nimelipa jina la "Matangazo ya Kata," ili mtu yeyote asilifungue. Bibi amenikataza nisimwambie Mama, maana atalia wiki nzima na tempe zitachacha. Nimekwambia wewe tu, kwa kuwa siri zote za barua zangu za mwaka huu umezitunza vizuri. Ukija Idi ukamkuta anakutazama huku anacheka peke yake, jifanye hujui lolote. Tafadhali, Mjomba, hili lifiche.

Mpwa wako,
Wening